Mpokezi wa Kichefuchefu

Jumatatu ya wiki ya nane Sekela aliamka mzima, na uzima huo ukamtia hofu.

Alibaki amelala akijisikiliza, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Kwa siku kumi na tisa tumbo ndilo lililokuwa likimwamsha kabla ya jogoo. Mate yalijaa mdomoni, koo likapanda na kushuka, kisha zikafuata mbio mpaka kwenye ndoo ya plastiki nyuma ya mlango. Leo ndoo ilikuwa kavu. Nje, ukungu wa Tukuyu ulikuwa umeikalia migomba, na kutoka mashambani zilisikika mashine za kuchumia chai zikipita juu ya mistari kwa miguu yao mirefu kama ya panzi. Sekela alivuta pumzi kwa makusudi. Akapata harufu ya moshi, kisha ya maziwa yanayochemka. Maziwa hayohayo Jumamosi yalimtoa machozi.

Alipapasa nyuma ya sikio la kushoto. Utepe ulikuwepo, mwembamba kama ganda la kitunguu, umeshika vizuri, una joto. Joto hilo lilimaanisha kwamba pacha wake, ule uliobandikwa nyuma ya sikio la mwanamke mwingine kule kiwanda cha chai, bado unazungumza nao. Kwa hiyo utepe ulikuwa mzima. Na kama utepe ni mzima, basi kilichonyamaza ni kitu kingine.

Mimba haikuwa yake. Yeye alikuwa mpokezi. Mwanamke ambaye kazi yake haivumilii ugonjwa wa asubuhi, rubani, mwimbaji, fundi wa kupanda minara, alibandikwa utepe mmoja, mpokezi akabandikwa wa pili. Yale ambayo neva za mama zilitaka kuuambia ubongo wake yakanaswa njiani na kupelekwa kwa mpokezi. Mtoto alibaki kwa mama, kichefuchefu kikahamia kwa mwenzake. Wiki ya kumi na mbili, mwili unapoanza kuzoea wenyewe, tepe zinabanduliwa na kila mtu anarudi kwenye maisha yake.

Mwanamke aliyempa Sekela kichefuchefu aliitwa Tupokigwe, mwonja chai mkuu wa kiwanda. Walikutana mara moja tu, siku ya kubandikwa. Tupokigwe alimshika mkono akamwambia, "Mdogo wangu, nisamehe kwa nitakachokupa." Baada ya hapo, kwa kiapo, hawakuruhusiwa kuzungumza mpaka wiki ya kumi na mbili.

"Mama Lugano," iliita sauti ya mama mkwe wake, Subilaga, kutoka jikoni. "Vidonda vya tumbo vimelala leo?"

"Vimelala, mama."

"Ndivyo vilivyo. Mimi vyangu viwili nilivizaa hospitali ya misheni. Kimoja ndiyo huyo mume wako."

Sekela alicheka kwa kujilazimisha. Kiapo kilimkataza kutaja kazi yake, kwa hiyo nyumbani alikuwa amesingizia vidonda vya tumbo. Naye Subilaga alikuwa mtu wa zamani. Kwake mimba haitajwi wala haiulizwi mpaka ijionyeshe yenyewe. Lusajo, mwana wake, alikuwa kazini kwenye reli ya mpakani, na mara ya mwisho kulala nyumbani ilikuwa miezi miwili iliyopita. Bibi alikuwa amepiga hesabu yake kimya kimya ikakaa sawa. Akawa anatabasamu tu na kumsongezea mkamwana bakuli la uji.

Sekela aliunywa. Kisha, Subilaga alipotoka kwenda kumwogesha Lugano, binti yake wa miaka mitatu, alianza kunusa vitu kimoja kimoja kama kichaa. Kitunguu kilichokatwa. Sabuni. Kiatu cha mvua. Alifungua hata kopo la mafuta ya mtoto, ambalo wiki nzima alikuwa amelificha uvunguni kwa sababu lilimpindua roho.

Hakuna kitu kilichopinduka.

*

"Nesi, imekata," alisema Sekela zahanati, hata kabla hajakaa.

Nesi Ambwene alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Ndiye aliyekuwa akisimamia wapokezi wote wa kata. Alifunga mlango, akamgeuza Sekela kichwa na kumulika utepe.

"Tangu lini?"

"Jana ilipungua. Leo hamna kabisa."

"Utepe ni mzima."

"Ndicho kinachoniogopesha."

Nesi alizima taa yake, akakaa. "Sekela, nisikilize. Wewe si kipimo. Wewe umepokea mzigo, umeubeba, umekuwa mwepesi, basi shukuru."

"Na yeye je? Yeye hasikii lolote. Mwili wake ukipiga kelele, kelele zinakuja kwangu. Ukinyamaza, ninayesikia ukimya ni mimi peke yangu."

"Najua."

"Basi mpigie simu."

Ambwene alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni ingawa haikuwa chafu. Alikuwa na umri wa kutosha kukumbuka jinsi waajiri walivyokuwa wakinunua taarifa za mimba changa na kuwaachisha wanawake kazi kabla wenyewe hawajajijua. Kutokana na hilo ndipo ilipotungwa Sheria ya Siri ya Mwili: kifaa chochote kisiandike habari ya mimba kabla ya wiki ya kumi na mbili, na mtumishi yeyote asimtafute mama kumwambia habari ambayo hakuiuliza. Tepe zilitengenezwa bila kumbukumbu. Zilipitisha tu.

"Tena hukuwepo wakati wa mpokezi wetu wa kwanza," nesi aliendelea, sauti ikishuka. "Naye alihisi imekata. Akamfuata mama wa watu nyumbani, akamwambia, mtoto ameondoka. Yule mama hakuja kupima. Aliona aibu, akanywa dawa ya kusafisha kizazi. Alipoletwa hapa akivuja damu, nilimpima mwenyewe. Moyo wa mtoto ulikuwa ndiyo kwanza unasimama."

Nesi alirudisha miwani kifuani.

"Huyo wako akija mwenyewe akaomba, nitampima hata saa hii. Mashine ya picha ya tumbo iko chumba cha pili, inaondoka jioni, inarudi Jumatatu ijayo. Lakini aje mwenyewe. Wewe ukienda kumwambia, umevunja kiapo, na mimi nitakufuta kwenye orodha ya wapokezi. Sitakuwa na njia nyingine."

Wakati wa kutoka Sekela alipita mbele ya chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi. Mashine ilikuwa imekaa pale, kioo chake cheusi, hakuna mtu kitandani.

*

Jumanne jioni alikwenda darasani kama kawaida. Shule ya watu wazima ilifanyika kwenye madarasa ya watoto, na wanafunzi, wengine wakiwa na wajukuu, walikaa magoti yakigusa kidevu kwenye madawati mafupi. Mwalimu Ambakisye alikuwa amefika sura ya uzazi.

"Kiinitete," aliandika ubaoni. "Wiki ya tano, ni punje ya ufuta. Wiki ya sita, dengu, na moyo umekwisha anza kudunda, ingawa moyo wenyewe bado ni kama kijibomba kilichojikunja. Wiki ya nane, harage. Anazo ncha za vidole, bado zimeungana kama miguu ya bata. Kimkia alichokuwa nacho kinapotea. Kila kiungo kinapanga foleni kipate nafasi yake, ndiyo maana wiki hizi ndizo za hatari na ndizo ambazo mama hana hata tumbo la kuonyesha."

Alichora harage. Halikufanana sana na harage.

Sekela aliinua mkono. "Mwalimu, kichefuchefu kikikata wiki ya nane, maana yake nini?"

Nyuma, fundi seremala mmoja aliguna. "Sekela unauliza kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba ya mtihani, shemeji. Wewe ambaye huulizi utapata ngapi?"

Darasa lilicheka, na mwalimu akangoja kicheko kiishe. Alikuwa na kawaida ya kujibu kila swali kana kwamba lina uzito, hata lisilokuwa nao. Hili aliliona lina uzito.

"Yaweza isiwe na maana yoyote. Wapo ambao hukikosa kabisa, na wapo ambao kinakwenda na kurudi. Kwa kawaida homoni inazidi kupanda mpaka wiki ya tisa au ya kumi, na kichefuchefu kinapanda nayo. Lakini," alisema, akaiweka chaki chini, "mara nyingine moyo mdogo umesimama na mwili wa mama haujapata habari. Kondo linaendelea kidogo kutuma homoni, kama duka ambalo mwenyewe amefariki na taa bado zinawaka. Halafu moja moja zinazimika. Kwa hiyo jibu ni kwamba mtu hawezi kujua kwa kuhisi. Lazima apimwe."

"Na asipopimwa?"

"Akikaa na kiinitete kilichokufa muda mrefu anaweza kupata maambukizi. Au damu imshtukize akiwa hajajiandaa."

Sekela aliandika yote kwenye daftari kwa mwandiko ambao baadaye hakuweza kuusoma.

*

Jumatano asubuhi uji ulikuwa na mchanga.

Si mara ya kwanza. Ni mara ya kwanza kuujali. Sekela alitoa chembe ulimini, akaisaga kwa meno. Haikuwa pumba. Ilikuwa udongo.

"Mama," alisema taratibu, "umeweka nini kwenye uji?"

Subilaga aliendelea kupepeta mchele. "Uji ni uji."

"Mama."

"Udongo mweupe wa kuoka, kidogo. Tangawizi. Na majani fulani, hayo huyajui." Aliuweka ungo chini. "Tangu Jumamosi. Nilikuona unavyoteseka na hutaki kusema. Nikaona, ikiwa yeye hataki kusema na mimi sipaswi kuuliza, basi nimtibu hivyohivyo. Na umetulia au hujatulia?"

Sekela alikaa kwenye kigoda. Hasira na furaha vilimpanda pamoja hata akashindwa kujua atoe ipi kwanza. Yaani huenda ni dawa tu. Huenda kule upande wa pili harage liko salama, linapanga vidole vyake, na neva zinapiga kelele kama kawaida, ila masikio yake ndiyo yamezibwa na udongo.

"Inakaa mwilini siku ngapi?"

"Mimi nilipombeba Lusajo nilikunywa wiki moja tu, sikutapika tena mpaka nikajifungua."

"Mpaka ukajifungua." Furaha ilipotea palepale. Kama ndivyo, hakuna namna ya kujua. Kimya cha dawa na kimya cha kifo vilifanana, na yeye alikuwa amekaa katikati.

Akasema, kwa sababu hakuweza tena kubeba siri mbili kwa pamoja, "Mama, mimba si yangu."

Mkono wa Subilaga ulikwenda wenyewe kwenye kanga, ukaikunja, ukaikunjua.

"Basi ni ya nani? Maana aliyetapika ni wewe."

Sekela alimweleza yote: utepe, kiapo, mwanamke wa kiwandani bila kumtaja jina, na maneno ya nesi. Uso wa mama mkwe ulipoteza kitu polepole wakati akisikiliza, na Sekela alikijua kitu hicho ni nini; mjukuu ambaye bibi alikuwa amekwisha mtengea kona ya kulala.

"Mwenye tumbo anajua kwamba wewe umenyamaziwa?"

"Hajui."

"Wewe unajua, nesi anajua, mimi sasa najua." Alirudisha ungo mapajani. "Amebaki yeye."

Siku hiyo Sekela hakugusa tena uji, wala Alhamisi asubuhi. Alikunywa maji mengi, akangoja. Alitamani kutapika jinsi watu wengine wanavyotamani mvua. Alhamisi saa nne tumbo lake lilinguruma, akakimbilia ndoo, akainama juu yake kwa matumaini.

Ilikuwa njaa.

*

Chumba cha kuonjea kilikuwa mwisho wa kiwanda, kina dirisha kubwa upande wa kaskazini ili mwanga uwe uleule mchana kutwa. Saa ya chakula, Alhamisi hiyohiyo, wafanyakazi wengine walikuwa wametoka. Tupokigwe alikuwa peke yake mbele ya safu ya vikombe vyeupe, aproni kiunoni. Alichota kijiko, akafyonza chai kwa mlio mkali, akaizungusha mdomoni, akatema kwenye pipa refu la bati na kuandika. Kisha akamwona Sekela mlangoni na kijiko kikabaki hewani.

"Hatuko wiki ya kumi na mbili," alisema.

"Hapana, dada."

"Basi umevunja kiapo."

"Nimevunja."

Tupokigwe alikiweka kijiko chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kinaweza kulia. "Sema."

Sekela alikuwa amejipangia maneno njiani, yote yakamtoroka. Akayasema yaliyobaki, kwa mfuatano: kichefuchefu kimekata tangu Jumatatu, mama mkwe alikuwa akimtilia dawa kwenye uji, dawa ameiacha na bado hakijarudi, mwalimu anasema yaweza kuwa si kitu na yaweza kuwa ni kitu.

"Sikuja kukwambia ameondoka," alimalizia. "Sijui. Nimekuja kukwambia kwamba sijui."

"Sasa hivi, hapo uliposimama, unahisi nini?"

Sekela alitamani sana kumdanganya. "Njaa, dada. Nahisi njaa tu."

Mwonja chai alivuta kiti akakaa. Kwa muda akawa anavigeuza vikombe vishikio vyake vielekee upande mmoja.

"Mimba ya kwanza ilikaa kimya ndani yangu wiki tatu," alisema. "Nilikuwa nafuma soksi. Soksi, mdogo wangu, na hakuna wa kuvaa. Nilijua siku nilipopata homa. Daktari akaniambia, mwili wako ulikuonya, ulitulia ghafla, hukushtuka? Nilikuwa nimeshtuka. Nilifurahi kwamba nimepona." Aligusa nyuma ya sikio lake. "Na safari hii nikaenda nikagawa onyo lenyewe. Nikajiambia ulimi ni muhimu zaidi."

"Kipimo kinarudi Jumatatu. Nesi atakupima ukiomba."

"Siku nne."

"Siku nne."

"Kesho wakulima mia nne wanapangiwa daraja za chai yao kwa ulimi huu. Hakuna mwingine, yule wa pili yuko masomoni." Alitazama kucha zake. "Nikiubandua utepe na mtoto yupo, naanza kutapika leo. Kesho siwezi kuonja hata maji. Daraja zitaahirishwa, na hapa watataka kujua kwa nini, na watajua. Na haurudi ukishatoka?"

"Haurudi. Tepe hazishikani mara ya pili."

"Nilisaini, nakumbuka." Akainua macho. "Wewe ungefanyaje?"

Swali hilo ndilo Sekela aliloliogopa njia nzima. Aliona kwamba neno lake lolote litakuwa na mkono ndani ya mwili wa mtu mwingine, kama lilivyokuwa neno la yule mpokezi wa kwanza.

"Mimi ningetaka kujua," alisema. "Lakini ulimi si wangu, na tumbo si langu. Na kuna jambo lazima nikwambie kabla hujagusa hicho kitu. Ukiubandua na usihisi lolote, hilo nalo si jibu. Wengi hunyamaza na mtoto yupo. Niahidi, dada. Litokee lolote hapa, hutakunywa kitu chochote, hutafanya lolote, mpaka Jumatatu umepimwa."

"Umekuja kunitisha au kunilinda?"

"Vyote viwili. Sikuweza kuvitenganisha."

Tupokigwe karibu atabasamu. "Naahidi," alisema, akaingiza ukucha nyuma ya sikio.

Utepe ulitoka kwa mlio mdogo wa kunata. Palepale ule wa Sekela ukapoa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alijisikia yuko peke yake ndani ya ngozi yake. Hakupenda.

Wakakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Neva huamka polepole, nesi alishawaambia siku ya kwanza. Yaweza kuwa robo saa, yaweza kuwa zaidi. Mvua ilianza, nyembamba, bila upepo. Dakika tano zikapita. Kumi. Tupokigwe alikuwa amefumba macho na kuweka viganja mapajani, kama mtu anayechukuliwa damu. Sekela aligundua kwamba yeye mwenyewe amebana pumzi, akaiachia, akaibana tena.

Robo saa.

"Hamna," alisema Tupokigwe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na ukawaida huo ulikuwa mbaya kuusikia.

"Bado, dada. Na hata kama hamna, tumeshasema."

"Tumeshasema."

Wakaendelea kukaa. Mahali fulani kiwandani feni kubwa ya kukaushia ilizimwa, na ukimya ukaongezeka. Sekela aliutafuta mkono wa mwenzake akaushika. Ulikuwa wa baridi. Kisha ukawa na unyevu.

"Nani anakaanga dagaa?" aliuliza Tupokigwe.

Sekela alinusa. Akasimama, akachungulia dirishani. Mbali, ng'ambo ya uzio, chini kabisa kwenye nyumba za walinzi, kulikuwa na moshi mwembamba juu ya paa. Alinusa tena kwa nguvu zake zote. Hakupata kitu ila mvua.

Alipogeuka, Tupokigwe alikuwa amekwisha shuka kwenye benchi. Midomo imekuwa ya kijivu, jasho limetanda juu yake, mkono mmoja mdomoni na mwingine unalitafuta lile pipa la bati. Sekela alimsogezea. Akamshika kilemba kisianguke, akamsugua mgongo kwa kiganja, huku mwonja chai mkuu akitapika kifungua kinywa chote, kisha maji, kisha hewa. Jumatatu ilikuwa bado mbali, na Sekela alilijua hilo. Alijua pia kwamba kesho wakulima watarudi nyumbani bila daraja, na kwamba jina lake litakuwa limekatwa kwenye orodha kabla ya jioni. Aliendelea kusugua.

"Pole, dada. Pole."

"Usinipe pole," Tupokigwe alisema ndani ya pipa. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka ncha ya pua. "Fungua dirisha."

"Harufu itaingia."

"Ndiyo," alisema. "Lifungue lote."